Disemba ya Ugenini: Sayyida Salme wa Hamburg na Bi Fatima wa Liverpool



Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunajua kuwa kila ikikaribia mwisho wa mwaka wateja wetu huwa wa aina mbili. Wapo wanaoolewa na kubaki hapa hapa kisiwani. Wapo wanaoolewa na kupelekwa nje: London, Copenhagen, Toronto. Wa mwanzo wanauliza bei na siku ya kuja kujaribu nguo. Wa pili wanauliza baridi ikoje, na wakishatuzoea wanauliza lile lililo moyoni hasa: "Huko Disemba mji mzima uko kwenye sikukuu isiyokuwa yetu. Mimi na dini yangu nitakaa vipi?"

Swali hili si la leo. Zaidi ya miaka 150 iliyopita bi harusi mmoja kutoka kisiwani kwetu alikutana nalo, na miaka kama 20 baada yake likamkuta mwanamke mwengine, Mwingereza aliyesilimu. Leo tunataka kuwasimulia wote wawili, kwa sababu ukiyaweka maisha yao pamoja, jibu linaonekana wenyewe.

Sayyida Salme na mji wa milango iliyofungwa

Habari za Sayyida Salme wengi wetu tumezisikia tangu skuli, na wengine tumekiona chumba kilichowekwa kwa kumbukumbu yake katika Makumbusho ya Kasri kule Forodhani. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Salme alijifundisha kuandika mwenyewe wakati ambapo wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa meli ya Kiingereza kwenda Aden, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, alibatizwa akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Kisha safari ya kwenda Hamburg.

Hapa watu wengi husimama, wakamhukumu. Sisi hatutaki kufanya kazi hiyo. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Tunataka kumuangalia kama tunavyomuangalia bi harusi yeyote anayeingia mji mgeni.

Fikirini Disemba yake ya kwanza, mwaka 1867. Ana umri wa miaka 23. Mwaka huo huo amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na sasa ana mimba ya mwengine. Kijerumani hakijui vizuri. Yeye na mumewe wanazungumza Kiswahili, na mumewe kutwa yuko kazini. Kwa hiyo katika mji mkubwa wa bandari, uliojaa meli na watu, mtu wa kuzungumza naye ni mmoja tu, na anarudi jioni.

Na jioni ya Hamburg mwezi huo inaingia mapema. Jua linazama kiasi cha saa 10 alasiri, na asubuhi halichomozi mpaka saa 2 na nusu. Aliyekulia Mtoni, penye bahari mlangoni na ua uliojaa ndugu, wajakazi na watoto, akae ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa na tanuri la makaa.

Halafu ikaja sikukuu yenyewe. Hamburg si mji wa kawaida kwa mambo ya Krismasi. Shada la mishumaa ya kuhesabia siku za kungojea Krismasi, ambalo leo liko dunia nzima, lilianzia hapo hapo. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini katika nyumba iitwayo Rauhes Haus, alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, ili watoto waache kumuuliza kila siku imebaki siku ngapi. Ni wazo la huruma. Lakini tazameni jambo moja. Kilele cha sikukuu ya Wajerumani ni jioni ya tarehe 24. Jioni hiyo maduka yamefungwa, njia zimekuwa tupu, na kila familia imeingia ndani kwake na kufunga mlango.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na Idi yetu. Idi ya kwetu ni mlango wazi. Asubuhi watu wanatoka kusali, watoto wanapita nyumba hadi nyumba kutaka sikukuu, majirani wanapelekeana sinia, jioni viwanja vinajaa. Mgeni akiwepo mtaani siku ya Idi hawezi kukaa peke yake hata akitaka. Sikukuu ya baridi ya kaskazini ni ya ndani. Aliye wa nyumba anapata joto, na asiye wa nyumba anabaki nje ya kioo akiangalia mshumaa wa mwenzake. Huo si ubaya wa watu. Ni ada iliyokaa na hali ya hewa.

Salme alikuwa ndani ya hicho kioo, lakini moyo wake haukuwa ndani. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, na katika barua zake zilizotolewa baada ya kufa kwake, anaonekana mtu aliyeacha dini moja bila ya kufundishwa nyengine. Hakuwa tena kile alichotoka nacho nyumbani, na kile alichokuwa hakikumkaa vizuri. Katika kitabu hicho hicho ameeleza kwa mapenzi makubwa kufunga Ramadhani na sikukuu za Unguja: maandalizi, nguo, manukato, zawadi. Mtu haelezi hivyo jambo lililokwisha moyoni mwake.

Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa. Salme akabaki na watoto watatu, wa mwisho akiwa wa miezi michache, na hakuna tena wa kuzungumza naye Kiswahili nyumbani. Alibaki Ujerumani kwa kuwa mumewe alitaka watoto walelewe huko. Alihama mji hadi mji, akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Alirudi Zanzibar mwaka 1885, na Sayyid Barghash, ndugu yake, hakukubali kuonana naye; akarudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa ameshafariki. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Miaka yote hiyo alikuwa ameuhifadhi mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Bi Fatima na msikiti uliofunguliwa siku ya Krismasi

Sasa tuvuke bahari mpaka Liverpool, Uingereza. Huu nao ulikuwa mji mkubwa wa bandari kama Hamburg, wenye matajiri wa meli na maskini wengi sana. Nyumba yake ya kuhifadhia mafukara kule Brownlow Hill ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika nchi nzima.

Mwaka 1887 wakili mmoja wa mji huo, William Henry Quilliam, aliyesilimu baada ya safari ya Morocco na kujulikana kwa jina la Abdullah, alikuwa akihutubia mikutano ya watu wanaopiga vita ulevi. Katika hotuba moja alimtaja Mtume Muhammad (S.A.W.) kuwa ni mfano wa mtu aliyewaepusha watu na pombe. Kati ya wasikilizaji alikuwemo msichana wa Birkenhead, ng'ambo ya mto, aitwaye Frances Elizabeth Murray. Alikuwa na miaka 22. Aliuliza maswali, akapewa tafsiri ya Qur'ani aende akaisome mwenyewe. Mama yake alipoiona alikasirika na kutaka kuichoma moto. Msichana akajifungia chumbani akaisoma. Si muda mrefu akasilimu, akachukua jina la Fatima. Tunamjua leo kwa jina la Fatima Cates, jina la mumewe.

Kundi lao la mwanzo lilikuwa la watu wa kuhesabika kwa vidole. Bi Fatima ndiye aliyekuwa mweka hazina. Tunalisema hili kwa makusudi, dada zetu, maana kuna wanaodhani kuwa wanawake katika historia ya Uislamu wa Ulaya walikuwa wapishi wa hafla tu. Fedha za jamaa ile zilipita mikononi mwake.

Mateso walipata. Watu waliwarushia matope na mawe mkutanoni, na Bi Fatima alipakwa mavi ya farasi usoni akiwa njiani. Mwenye nyumba waliyopanga hakuwataka tena. Ndipo wakapata nyumba nambari 8 Brougham Terrace. Wakaifungua kuwa msikiti na kituo chao tarehe 25 Disemba 1889.

Siku ya Krismasi! Na si kwamba kalenda iliwapitia. Uingereza siku hiyo kazi zinasimama, na kwa sheria ya mwaka 1871 hata tarehe 26 ni mapumziko. Kwa mwenye nacho ni siku ya kula na kulala. Kwa maskini wa Liverpool ilikuwa siku ya mateso: hakuna kibarua, hakuna duka lililo wazi, hakuna makaa ya kuwasha. Waislamu wale wachache wakaifanya siku hiyo kuwa ya kulisha. Kila mwaka, Krismasi ilipofika, walifungua milango yao wakawapa chakula mamia ya maskini wa mji, bila ya kuwauliza dini. Miaka ya 1890 wakafungua pia nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, wakaiita Madina.

Tulipoyasoma haya tulikaa kimya kidogo. Watu wale wale waliopakwa mavi usoni waliutazama mji ulioingia ndani na kufunga milango, wakauliza: nani amebaki nje? Kisha wakafungua wa kwao. Hawakupamba mti, hawakujificha chini ya kitanda. Walifanya Idi ya mlango wazi katikati ya sikukuu ya milango iliyofungwa.

Harusi nazo zilifungwa pale. Mwaka 1891 magazeti ya Uingereza yaliandika habari ya ndoa ya Kiislamu katika msikiti wa Liverpool kama ajabu mpya.

Hatusemi kila walilofanya lilikuwa sawa. Jumapili jioni waliimba nyimbo za dini kwa sauti walizozizoea kanisani, ili wageni wasishituke. Leo sheikh yeyote wa kwetu angewaita pembeni. Lakini walikuwa watu wapya, mbali na wanazuoni, wakijaribu kuifanya dini ikae katika mji uliokuwa haujui hata kulitamka jina lake.

Bi Fatima alifariki mwaka 1900, akiwa na miaka 35 tu, akazikwa kwenye makaburi ya Anfield. Mwaka 1908 Quilliam akaondoka nchini, na jamaa ile ikatawanyika. Jengo likauzwa. Kwa miaka mingi likawa ofisi ya mji ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Maharusi wa Liverpool waliingia pale kutia saini karatasi zao, na wengi wao hawakujua kuwa nyumba ile iliwahi kusujudiwa. Mwaka 2014, alhamdulillah, ukafunguliwa tena kwa ajili ya sala.

Kilichowatofautisha

Ukiwaangalia wawili hawa juu juu, utasema mmoja aliacha Uislamu na mwengine aliupata, basi mambo yamekwisha. Sisi tunaona liko jengine.

Salme alizaliwa na kila kitu: Qur'ani, nasaba, lugha, Ramadhani za kasri. Alichokosa Hamburg ni watu. Hakuwa na hata mwanamke mmoja wa kumwambia "leo ni Idi, njoo kwetu". Fatima alizaliwa bila ya chochote katika hivyo. Mama yake alitaka kukichoma kitabu chake. Lakini alikuwa na watu, hata wachache, na alikuwa na kazi ya kufanya kati yao. Siku ya Krismasi mmoja alikuwa akihesabu upweke na mwengine akihesabu sahani.

Na hata jamaa ya Liverpool ilipovunjika, ilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Ilimtegemea mno mtu mmoja. Alipoondoka, nyumba nyengine zilikuwa hazijawa na nguvu ya kusimama zenyewe. Kwa hivyo dada anayetuuliza "dini yangu itakaa vipi", tunamjibu hivi: taa za barabarani hazitakuondolea dini. Upweke unaweza.

London ya leo: tatizo la saa

Bi harusi wa leo hakuti mji wa Salme. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, London peke yake ina Waislamu zaidi ya milioni 1.3, yaani kiasi cha watu 15 katika kila 100. Misikiti ipo, nyama ya halali ipo, na Waswahili wapo. Lakini Disemba bado ina mtihani wake, na mkubwa ni wa saa.

Hapa kwetu Magharibi ya Disemba inaingia baada ya saa 12 na nusu jioni. London jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, kiasi cha saa 9 na dakika 53. Adhuhuri inaingia saa 6 mchana, Alasiri kabla ya saa 8, na mara Magharibi. Sala tatu zimebanana ndani ya saa nne, na saa hizo ndizo za kazini, skuli na dukani. Anayesema "nitasali nikirudi nyumbani" atafika nyumbani Isha ishaingia. Bibi wengi wa London wanasali kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha duka au kwenye ngazi za ofisi. Ulizia mapema kazini kwako. Mara nyingi wanakupa pahala.

Faida nayo ipo. Saumu za kulipa zinafungika kwa wepesi, maana mchana ni mfupi. Na mwaka 2030 jambo la nadra litatokea: Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili katika mwaka mmoja, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Iliwahi kuwa hivyo pia mwaka 1965. Utakuwa unafuturu huku wenzako wa kazini wanakunywa chai ya alasiri.

Jambo jengine, tarehe 25 treni za chini ya ardhi hazitembei kabisa London, na mabasi pia. Asiye na gari hafiki msikitini wala kwa shoga yake. Ndiyo siku ambayo upweke wa Salme unaweza kukurudia hata ukiwa na misikiti mia. Panga kabla: nani analala kwa nani, nani atapika, ni jirani gani mzee yuko peke yake mlango wa pili.

Vya kutia kwenye sanduku

Kwa kuwa sisi ni mafundi cherehani, hatuwezi kumaliza bila ya kusema la nguo.

Abaya ya chiffon nzuri kwa picha, lakini ya Disemba itiwe bitana nzito na mikono ibane kwenye vifundo, upepo usipite. Chukua mtandio wa sufu nyepesi mmoja kuliko ya hariri mitano. Na chukua khofu, soksi za ngozi. Ukizivaa ukiwa na udhu kamili, unaruhusiwa kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana na usiku mmoja ukiwa mkaazi, na siku tatu na usiku wake ukiwa msafiri. Aliyewahi kunyanyua mguu kwenye beseni la ofisi mwezi wa Disemba anaijua neema hii.

La pili, beba ilimu. Watoto wako wataulizwa skuli kwa nini hawasherehekei. Wasifundishwe kujibu kwa dharau. Nabii Isa (A.S.) na mama yake tunawapenda, na kuna sura nzima ya Maryam ndani ya Qur'ani. Mtoto anayeijua hadithi hiyo hatoi macho chini mbele ya wenzake. Mambo ya hukumu, kama kuhudhuria hafla za kazini na salamu za sikukuu, muulize sheikh unayemuamini kabla hujafika, usingoje siku yenyewe.

La tatu, beba sahani za ziada. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, hakutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Wale wa Liverpool waliifanyia kazi ruhusa hiyo miaka zaidi ya 130 iliyopita, na majina yao yanatajwa kwa heri mpaka leo. Wewe huna haja ya kulisha mamia. Sinia moja ya pilau kwa jirani asiye na mtu, siku ambayo milango yote imefungwa, inatosha kumfanya aujue Uislamu kwa mdomo wake.

Na sisi tuliobaki huku tuna fungu letu. Tukishamsindikiza bi harusi uwanja wa ndege tusidhani kazi imekwisha. Salme alirudi hapa mara mbili akakuta mlango umefungwa. Mpigie simu mwenzako mwezi wa Disemba, saa 10 ya kwake, kiza kilipoingia. Muulize amesali, amekula, amezungumza na nani leo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi maharusi wetu walioko karibu na walioko mbali, awape majirani wema na nyumba zenye dhikri, na amrehemu Bi Fatima. Amin.